Mheshimiwa, Shamba Lako Liko Tayari

Mkulima wa Korosho,
Kijijini, Uwanda wa Makonde,
Newala.

Kwa Mheshimiwa Anayehusika na Kuwarudisha Vijana Kijijini,
Ghorofani, chumba chenye kiyoyozi.

YAH: KUKUPOKEA KIJIJINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, hotuba yako tumeisikia redioni. Umesema vijana waache kukimbilia mjini, kwani kijijini ardhi ipo, hewa ipo na fursa zimejaa tele. Sisi tunaolala na kuamka na fursa hizo tumeona ni uchoyo kuzifaidi peke yetu wakati wewe unahangaika na foleni za Dar es Salaam. Tumekutengea ekari mbili zenye mikorosho. Imezeeka kidogo, lakini inazaa.

Tunakuomba usije Oktoba, wakati wa minada, kama wageni wengi wanavyopenda. Njoo Juni, tunapoanza kupuliza salfa. Utaamshwa alfajiri, utafungwa mashine mgongoni na kuingia shambani kabla umande haujakauka, kwa sababu unga ule hushika vizuri majani yakiwa na unyevu. Hushika vizuri na machoni pia. Utawashwa mpaka jioni, na kesho yake utarudia, maana ugonjwa wa ubwiriunga hausikilizi hotuba.

Ukishavuna, utapeleka magunia ghalani kwenye chama cha msingi, upewe stakabadhi, usubiri mnada, kisha usubiri malipo. Kusubiri ndiko kazi yenyewe. Mtoto akiugua Julai, korosho zikiwa bado maua, atakuja jirani mwenye fedha taslimu na kipimo chake cha kangomba, akununulie mavuno ambayo hata hayajaanguka. Ni kosa kisheria, tunajua. Tunajua pia kwamba dirisha la dawa halipokei stakabadhi.

Ukipata nafasi, pitia shuleni. Mwanafunzi aliyechelewa utamkuta analima. Aliyepiga kelele darasani anapalilia bustani. Aliyetoroka jana amepewa matuta mawili peke yake. Kwa miaka saba mtoto anafundishwa kwa vitendo kwamba jembe ni adhabu, halafu akimaliza unamwambia jembe ni ajira. Akifaulu vizuri anaondoka kwenda bweni, na nyumbani anachinjiwa kuku. Akifeli, watu wanasema kwa huruma, "Yupo tu hapa nyumbani." Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kuhusu shule inayomtenga mtoto na jamii yake ya wakulima. Kijitabu hicho kila ofisi inakisifu, na nina hakika yako pia inacho.

Mwalimu mwenyewe ameomba uhamisho. Muuguzi wa zahanati ameomba. Bwana shamba, ambaye kazi yake ni kutuonyesha utamu wa kilimo, aliomba kabla hajafungua begi. Sababu ni moja: kumfuata mwenza. Siwalaumu, ndoa ni jambo la heri. Ila tangu nizaliwe sijaona mwenza wa mtu yeyote akifuatwa kutoka mjini kuja huku.

Najua ofisi yako ni kongwe kuliko wewe. Wajerumani walipoanza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898, hela haikuota shambani, ikabidi wanaume waifuate iliko. Wengi waliishia kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Waingereza walipoona Dar es Salaam imejaa wasio na kazi, wakaanza kuwakamata na kuwarudisha makwao. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakapakiwa kwenye malori wakaishi pamoja. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, malori yakawasomba "wazururaji" kutoka mjini, na wengi wao wakarudi mjini upesi kwa nauli zao. Sensa ya 2022 imewakuta Dar es Salaam watu zaidi ya milioni tano. Karne nzima tunaambiwa tuko mahali pasipo petu, na anayetuambia hubadilika tu kofia.

Sasa niseme kwa nini mimi nimebaki, usije ukadhani ni hotuba yako. Mikorosho hii aliipanda babu, haiwezi kupanda basi, na mama hataki kuondoka. Lakini nimebaki zaidi kwa sababu mdogo wangu aliondoka.

Huku juu hatuna mto. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma kule chini, na Msumbiji ng'ambo. Maji yapo ya kutazama. Kwa hiyo tunavuna ya mvua: yanateremka kwenye bati, yanapita kwenye mfereji, yanaingia kwenye tangi tulilochimba uani. Zamani nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, na nyasi hazivuni maji ya kunywa. Mabati yale yametoka Kariakoo. Mdogo wangu huyo, Mmachinga unayemfukuza barabarani Jumatatu na kumtangazia fursa za kijijini Jumanne, aliyanunua kidogokidogo kwa faida ya soksi na chaja za simu. Hela ya salfa ya mwaka huu pia ni yeye aliyeituma, kwenye simu, siku ambayo stakabadhi yangu ilikuwa bado inasubiri.

Ukimrudisha, Mheshimiwa, tutakuwa wawili kwenye tangi moja la maji, na huko mjini hatakuwapo wa kututumia hela ya salfa. Tunaomba katika jibu lako utueleze tangi la pili litajengwa na nani. Tuliuliza halmashauri, tukaambiwa tuandike barua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa Korosho

Nakala:
Mwenyekiti wa kijiji, kwa taarifa.
Mwalimu mkuu, atutunzie jembe moja la adhabu.
Mwenza wa Mheshimiwa, ajiandae kumfuata.