Jinsi ya Kuiua Klabu Kubwa Bila Kushikwa

Ndugu tajiri, hongera kwa kufika. Umeuza viwanja, umepata tenda mbili tatu, malori yako yanapishana njiani, na sasa wale wanaokunywa soda zako wamekushauri kwamba kilichobaki ni timu ya mpira. Wamekushauri vizuri. Duka likifa, anayelia ni mwenye duka na aliyemkopesha. Klabu kubwa ikifa, mkoa mzima unalia, na wewe huulizwi kitu, maana siku ya maziko utakuwa umeshajiuzulu kwa barua yenye maneno "majukumu mengi ya kikazi".

Mwongozo huu umeandaliwa Katubuka, mjini Kigoma. Usituone watu wa pembeni. Uwanja wetu wa Lake Tanganyika ndio uliochezewa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam tarehe 25 Julai 2021, Simba wakaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Jumamosi tunabanana kwenye kibanda umiza kuangalia Ligi Kuu ya Uingereza, Jumapili tunahamia ligi ya nyumbani. Kwa hiyo tumesoma vyuo vyote viwili vya kuua klabu: kile cha Manchester, ambako mwenye timu anainyonya, na kile cha kwetu, ambako mwenye timu anailisha kwa mkono wake. Njia ni mbili, kaburi ni moja.

Hatua ya kwanza: chagua klabu yenye mizizi

Usihangaike na timu changa. Hiyo ikiyumba inakufa msimu huohuo, na macho yote yatakugeukia wewe. Klabu kubwa inachukua muda. Ina makombe kabatini, ina wazee wake, ina mashabiki waliorithi ushabiki kwa baba zao. Unaweza kuikosea miaka mitano na bado ikamaliza nafasi ya pili, nawe ukapigiwa makofi. Familia ya Glazer iliichukua Manchester United mwaka 2005, na hadi 2013 kocha Alex Ferguson alikuwa bado anabeba ubingwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipostaafu ndipo watu wengi wakaanza kuuliza nyumba ina nini.

Hatua ya pili: inunue kwa pesa yake yenyewe

Hapa lazima tuwavulie kofia. Glazer waliinunua United kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo, kisha mzigo wa mkopo ukatwishwa klabu ambayo ilikuwa haidaiwi. Ni kama kununua mtumbwi wa mvuvi wa Kibirizi kwa hela ya benki, halafu mvuvi yuleyule akaambiwa alipe benki kwa dagaa wake, na wewe unapita kila asubuhi kuchukua kitoweo. Riba ililipwa kwa tiketi, jezi na haki za televisheni, na baadaye familia ikaanza kupata gawio. Uwanja ulisubiri. Mei 2024, siku waliyocheza na Arsenal, mvua kubwa ilipiga na paa la Old Trafford likawamwagia maji watu waliolipa kiingilio.

Kibandani kwetu bati lina matundu ya misumari na kiingilio ni shilingi mia tano. Mzee mmoja mwenye jezi ya Rooney, iliyopauka hadi namba 10 inasomwa kwa kukisia, alilitazama bati letu, akairudia runinga, akasema, "Kumbe tuko sawa."

Kijana wa mlangoni akamchokoza: "Mzee wangu, si uhamie City?"

"Mwanangu, wenye hisa wakichoka watauza," mzee akajibu, akiivuta kola ya jezi yake. "Hii mimi nitamuuzia nani?"

Ndugu tajiri, mtu huyo ndiye mtaji wako. Hata ukimkosea vipi, Jumamosi ijayo atakuwa pale pale na mia tano yake.

Hatua ya tatu: kama hukopesheki, lisha kwa mkono

Hiki ndicho chuo cha kwetu. Lipa wewe mishahara, kambi, nauli, bonasi, hata dawa ya mchezaji mwenye malaria. Toa mfukoni, usipitishe kwenye akaunti. Idara ya fedha ya nini wakati wewe upo? Jezi ziuzwe na wamachinga, kadi za uanachama zikae kwenye droo ya mtu, mapato ya mlangoni yahesabiwe gizani. Mashabiki watakuita baba, nao hawatakuwa wanakudanganya.

Njia hii huwapoteza wengi kwa sababu mwanzo wake ni mtamu. Yanga, iliyozaliwa 1935, ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia msimu wa 2014/15, mwenyekiti akiwa tajiri Yusuf Manji. Mei 2017 akajiuzulu. Msimu uliofuata timu ikamaliza ya tatu, mishahara ikawa hadithi, na kufikia 2018/19 bakuli lilikuwa linatembezwa mchana kweupe, kocha Mwinyi Zahera akiwa mstari wa mbele kuhimiza watu wachange. Simba wakachukua ubingwa mara nne mfululizo kabla kombe halijarudi Jangwani kwa Yanga 2021/22. Tusimwonee marehemu Manji: alitoa, na makombe yalikuja. Ila siku alipoondoka, klabu yenye mamilioni ya mashabiki ikagundua kwamba haijui hata bei ya chakula chake.

Ukitaka toleo fupi, soma Singida United. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 ikiwa na kocha Hans van der Pluijm aliyetoka Yanga, wachezaji kutoka Zimbabwe na Rwanda, wadhamini kibao na walezi wenye vyeo. Msimu wa kwanza ikashika nafasi ya tano na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ilishuka daraja ikiwa mkiani kabisa. Misimu mitatu, kazi imekwisha.

Hatua ya nne: mwongezee kocha mkataba, kisha mfukuze

Kumfukuza kocha tu ni kazi ya wanagenzi. Mabingwa humwongezea kwanza. Julai 2024 United walimwongezea Erik ten Hag mkataba, Oktoba wakamtimua, na kumwondoa yeye na wasaidizi wake kukagharimu zaidi ya pauni milioni 10. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri miezi kwa miezi atoke Newcastle, naye alidumu miezi mitano.

Kwa bajeti za kwetu, saini mkataba mbele ya kamera na usisome kipengele cha kuvunja. Kocha akiondoka bila kulipwa atakwenda FIFA, na FIFA itaifungia klabu kusajili hadi deni limalizike. Klabu zetu kadhaa, kubwa kwa ndogo, zimeionja adhabu hiyo. Usione haya. Waambie wanahabari kwamba mwalimu ameridhika na kikosi kilichopo, kwa hiyo dirisha dogo hamna haja nalo.

Hatua ya tano: badilisha jina kabla shabiki hajalizoea

Jina la zamani lina watu ndani yake, na watu huuliza maswali. Timu ya DTB iliingia Ligi Kuu mwaka 2022 ikiitwa Singida Big Stars, 2023 ikawa Singida Fountain Gate, 2024 ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati, mkoani Manyara. Wakati huohuo Ihefu, iliyokuwa ikisumbua vigogo kule Mbarali, ilihamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Shabiki wa Mbarali alilala ana timu, akaamka timu yake iko mkoa mwingine na ina jina lingine. Atamlalamikia nani? Aliyoishangilia haipo tena kwenye msimamo.

Hatua ya sita: usajili uwe sherehe, watoto wawe risala

Mpokee mchezaji wa kigeni uwanja wa ndege kwa maua, ngoma na msafara wa bodaboda. Msemaji wako amwite mashine. Kama ana jeraha la goti, litajulikana Novemba. Pesa ya timu ya vijana itaje kwenye hotuba tu, baada ya "mheshimiwa mgeni rasmi" na kabla ya "kwa hayo machache".

Zaidi ya yote, usitume mtu Kigoma. Mkoa huu ndiko alikozaliwa Juma Kaseja, kipa aliyedakia Simba, Yanga na Taifa Stars. Jioni yoyote huku utakuta watoto pekupeku wakipiga chenga kwenye mchanga mwekundu, magoli ni matofali mawili. Mmoja wao angekugharimu nauli ya treni na sahani ya ugali kwa mgebuka. Ukiwachukua hao, timu itakuwa na watu wa kuisimamisha hata wewe ukiondoka, na hapo utakuwa umeharibu mpango wote.

Hatua ya saba: bana matumizi, anzia kwa mpishi

Hasara ya mabilioni hutibiwa kwa kumnyima mfua jezi chai. Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa za United Februari 2024 na kukabidhiwa shughuli za soka. Mamia ya wafanyakazi wakapunguzwa, na chakula cha bure cha mchana kikaondolewa. Msimu wa 2024/25 timu ikamaliza nafasi ya 15 na kupoteza fainali ya Europa League kwa Tottenham mjini Bilbao. Mpishi hakuwahi kupoteza mpira katikati ya uwanja, lakini ndiye aliye karibu na mkono wako, na hana wakala.

Hatua ya nane: uendeshe mkutano mkuu kwa ustadi

Katika klabu za wanachama, kanuni za Tanzania zinataka wao wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Usiogope hesabu hiyo. Asilimia 51 inayolala ni ndogo kuliko 49 iliyo macho.

Fanya hivi. Mkutano uitwe saa tatu asubuhi, uanze saa saba. Wajumbe wa matawi waletwe kwa mabasi yako, wavae fulana zako. Agenda ya taarifa ya mapato na matumizi iwe ya mwisho kabla ya chakula, na pilau ianze kunukia kuanzia agenda ya tatu. Atasimama mtu mmoja, aghalabu mwalimu mstaafu mwenye miwani na bahasha ya kaki, aombe nakala ya hesabu zilizokaguliwa. Usimkemee. Muulize tu kwa upole, "Mzee wetu, wewe umeichangia klabu shilingi ngapi?" Ukumbi utamzomea kwa niaba yako.

Hatua ya tisa: weka akiba ya mchawi

Matokeo yakiwa mabaya, kuna mwamuzi. Mwamuzi akiwa mzuri, kuna shirikisho la soka, TFF. TFF ikinyamaza, kuna mchezaji aliyeuza mechi, na huyo kwa kawaida ni kipa. Vyote vikiisha, kuna wazee wa klabu ambao hawajapewa posho na wameifunga timu kwenye chungu. Ilimradi kidole kisielekee kwenye meza yako.

Yatakayokuharibia kazi

Kuna mashabiki wasiouzika. Mzozo wa Yanga katikati ya miaka ya 1970 uliwatoa wachezaji na wanachama wakaanzisha Pan African mwaka 1976, na kufikia 1982 hao walikuwa mabingwa wa nchi. Manchester nako, Glazer walipoingia 2005, kundi la mashabiki liliondoka likaunda FC United, klabu ambayo kila mwanachama ana kura moja, awe bilionea au dereva wa basi. Watu wa namna hii ni hatari kwa sababu wanajua klabu ni wao, na majengo, jina na kombe ni mali zinazofuata.

Kuna pia wapinzani wasiojua heshima. Mashujaa wa hapa Kigoma waliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho Desemba 2018 kwa mabao 3-2, kulekule Dar es Salaam, wakiwa hawajacheza Ligi Kuu hata siku moja. Aprili 2024 wakaitoa tena kwa penalti, safari hii kwetu. Jina kubwa likilala, mtu wa Kigoma haliamshi, anapita tu.

Na kuna adui mkubwa kuliko wote: karatasi. Klabu ikiwa na hesabu zilizokaguliwa, kadi za uanachama zinazolipiwa, jezi zinazouzwa na klabu yenyewe na watoto wake uwanjani, tajiri anakuwa mdau kama wadau wengine. Anaweza kuja na akaondoka, na mishahara ikatoka mwezi huohuo.

Kwa hiyo, ndugu tajiri, kabla hujatoa hata senti, nenda kwenye mkutano mkuu ukakae nyuma. Ukiona pilau imefika na wanachama wamekataa kuigusa hadi hesabu zisomwe mstari kwa mstari, inuka taratibu, shuka ziwani, ukanunue boti.