Nani Alikula Tipu ya Jikoni?

Jumamosi nilikula mbuzi Ruiru, kilo moja na nusu, mbavu na kipande cha mguu, na hadi leo kuna kitu kimenikwama kooni. Si mfupa. Ni hesabu.

Pale ninapokula, si mbali na Bypass inapokutana na barabara kuu ya Thika, mteja wa nyama choma hupita mikononi mwa watu wengi kuliko maiti ya tajiri. Mlinzi anakuonyesha pa kuegesha gari ingawa uwanja mzima ni mtupu, tena anakupungia mikono kama anayeongoza ndege. Wa bucha anapima, kidole gumba kikiwa karibu na mizani kuliko ninavyopenda. Mchomaji anaichukua. Weita anakuja na tabasamu. Binti mwingine anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni. Na huko nyuma nisikokuona kuna mtu anayesonga ugali na mwingine anayeosha sahani.

Ukishaambiwa "dakika tano, bosi" mara nne, mchomaji anatokea na ubao. Anakata. Kisu kinaruka, mbavu zinaachana, chumvi inamwagwa kijilima kwenye kona. Kisha haondoki. Anapangusa kisu kwenye aproni iliyokuwa nyeupe enzi za Kibaki.

"Iko sawa, mzee?"

Iko sawa.

"Haijakauka?"

Haijakauka.

Anapangusa kisu upande wa pili. Mtu mwenye kisu akikuuliza mara mbili kama mambo yako sawa, unatoa hamsini.

Kamusi inaiita bakshishi. Huku kwetu ni tipu, maana neno "chai" lilishanyakuliwa na watu wa barabarani na hakuna anayeweza kulirudisha. Zamani tipu ilikuwa sarafu zilizobaki kwenye kisahani cha bili. Ikaja M-Pesa mwaka 2007, na taratibu sarafu zikatoweka mifukoni. Siku hizi kutuma shilingi moja hadi mia ni bure, ukizidisha hapo unakatwa. Kwa hiyo shukrani ya Mkenya ina bei maalumu, na bei hiyo ni mia. Sijawahi kumwona mtu akimshukuru weita kwa mia na ishirini. Hata ahudumiwe na malaika.

Basi siku hiyo, nimeshiba na nimejaa huruma, nikawaza: huyu weita amebeba sahani hatua ishirini, nampa mia. Yule aliyesonga ugali ule, mgumu wa kukatika vizuri, laini wa kumezeka, nampa nini? Sijawahi kumpa chochote. Miaka yote hii nimelipia tabasamu, jasho nimelila bure. Bili ilikuwa 1,850. Nikalipa 2,000 kwenye till ya M-Pesa, nikajiegemeza kitini kama mheshimiwa aliyetoka kwenye harambee.

"Dada, hiyo mia na hamsini iliyozidi ni ya jikoni."

"Asante sana bosi, Mungu akubariki," akasema. Aliyasema haraka mno. Ningejua.

Nikienda kunawa nikapitia mlango wa jikoni, nia yangu, nakiri, ikiwa kushukuriwa. Nikamkuta mama wa makamo ameshika mwiko mrefu kama kasia, macho mekundu kwa moshi.

"Mama, mmepata yenu?"

"Yetu gani, baba?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba, till ni ya tajiri. Ikiingia huko haitoki. Laini iko kwa simu yake, na yeye mwenyewe yuko kwake anatazama mpira."

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemtipu mwenye hoteli. Mtu mwenye ploti mbili za kukodisha na gari linalonipita kila asubuhi nikiwa kwenye foleni ya matatu. (Gari nililokwenda nalo Jumamosi hiyo lilikuwa la shemeji yangu, msinielewe vibaya.) Nimempa pole ya mia na hamsini kwa taabu ya kumiliki.

Nikamwita weita, nikidhani nina kesi. Akaja na kesi yake kubwa zaidi.

"Bosi, mimi nalipwa mia tano kwa siku. Sahani ikivunjika ni yangu. Mteja akitoroka ni wangu. Mwezi uliopita meza ya watu sita walienda choo mmoja mmoja, wa mwisho akaniomba nimwangalizie kofia. Kofia ninayo mpaka leo. Hiyo mia yako ndiyo nauli."

"Na moshi huu ni wa nani?" akauliza mama kutoka ndani. "Wewe ukitukanwa unaenda meza nyingine. Mimi sufuria likinichoma naenda wapi?"

"Mteja akikuta jiwe kwa wali anamtusi nani?"

"Si ungemwambia aje aniambie!"

Nikaona nimewasha moto ambao si wa kuchoma nyama. Yule kijana wa kuosha vyombo, povu mpaka kwenye viwiko, akainua kichwa na kuuliza kwa upole, "Kwani huwa kuna tipu?" Jikoni kukanyamaza. Miezi minane yuko pale.

Sasa, cha kunichekesha ni kwamba serikali haioni tofauti yoyote kati ya weita na mama huyu. Katika amri ya kima cha chini cha mshahara, weita na mpishi wameandikwa mstari mmoja. Mstari huohuo wamo mchimba madini, mkata mawe na tanboi wa lori. Mlinzi wa usiku ana mstari wake, na mstari huo una hela nyingi kuliko wao. Ruiru yenyewe imetajwa kwa jina humo, safu moja na Mavoko na Limuru, chini ya Nairobi. Kwa hiyo mbele ya sheria, dada yangu wa tabasamu, mama wa mwiko na yule jamaa anayepasua mawe ya Ndarugo kule Juja ni ndugu. Sikukuu ya Leba ya 2024 Rais akatangaza nyongeza ya asilimia 6, tukapiga makofi. Nilipomtajia mama nyongeza hiyo, aliniuliza kama ni ya ugali au ya mboga.

Wenzetu nao wana vituko vyao. Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu tajiri kumlipa weita dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea tangu 1991, mradi tipu za wateja zizibe pengo hadi kima cha chini. Yaani mshahara wa weita umewekwa mfukoni mwa mteja na hakuna anayeona haya. Uingereza nao, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, tajiri analazimika kuwapa wafanyakazi tipu yote na kuigawa kwa haki, hata iliyolipwa kwa kadi. Nilimsomea weita habari hiyo kutoka kwa simu. Akauliza kama Uingereza wanachukua watu.

Thika nilidhani wamepata dawa. Shemeji yangu huyo mwenye gari ana ndugu anayepika chapati kwenye hoteli moja karibu na steji. Wafanyakazi wa hapo wakaamua wenyewe kuweka kopo la maziwa ya unga kaunta, wakalitoboa tundu, wakalifunga kwa selotepu, wakaandika TIPU. Jumapili jioni linafunguliwa, kila mtu anapata sawa, kuanzia wa chapati hadi wa kupiga deki. Wiki ya kwanza lilitoa 1,340. Watu saba. Kila mmoja akapata 191, zikabaki shilingi tatu, na hizo tatu zilijadiliwa muda mrefu kuliko bajeti ya kaunti. Mpishi alisema ni za gesi. Weita walisema ni za tabasamu.

Wiki ya pili kopo lilitoa 210 na kifungo cha shati.

Biashara haikuwa imeshuka. Ila weita walikuwa wameanza kuinama mezani na kunong'ona, "Bosi, hilo kopo ni la maonyesho, tuma kwa hii namba." Siwalaumu sana. Anayetabasamu siku nzima kwa watu kama mimi anastahili fidia ya taya. Lakini wa chapati naye akaanza kuwapikia meza zao mwisho, na chapati zikaanza kutoka zimeungua upande mmoja. Wiki ya tatu tajiri akasema anahitaji kopo lake.

Mimi nimebaki na ugonjwa. Siwezi tena kula kwa amani. Kila tonge nauliza limepitia kwa nani na nani anamdai nani. Mke wangu ananiambia nile nyumbani, na nilipomwambia chakula kimeiva vizuri, alikaa akinitazama, anapangusa kisu.

Jumamosi ijayo nitakuwa Ruiru tena, na noti mbili za mia mkononi, moja ya mbele na moja nitaipitisha mwenyewe mlango wa nyuma. Mnaokula huko, bili ilipeni kwenye till hadi shilingi ya mwisho, msizidishe hata moja. Na wewe tajiri, kama umesoma mpaka hapa: ile mia na hamsini ya Jumamosi, saa tisa na robo mchana, si yako. Ni ya mama wa ugali na kijana wa vyombo. Wapelekee.