Kalenda ya Wanyama wa Mbooni

Hapo kale, Kikima, juu kwenye milima ya Mbooni, wanyama waliafikiana kutengeneza kalenda yao wenyewe. Kila mwaka waligawiwa za bure zenye uso wa mkubwa mmoja, Januari hadi Desemba, na safari hii walitaka kuona mashamba yao ukutani. Zilihitajika picha 12 za miezi, na ya 13 ya jalada. Ngedere mwenye kamera akawaeleza mapema: picha zote zipigwe za kulala, chini ibaki nafasi ya tarehe, na kazi ifanywe asubuhi, maana jua la saa sita hutia vivuli machoni.

Mwenyekiti alikuwa Jogoo. "Mwaka mzima tunapiga picha? Tutamaliza siku moja," akasema, akachagua siku ya katikati ya Desemba. Ni kweli Mbooni hupendeza wakati huo. Mvua zinazoanza Oktoba ndizo tegemeo la Ukambani kuliko za Machi. Mahindi huwa yamesimama, kunde zimetambaa, maembe yanaiva, na matuta ya fanya juu yamevaa kijani toka kileleni hadi bondeni. Jogoo akapigwa Januari juu ya kichuguu, Februari mlangoni pa ghala, Machi mbele ya Mbuzi, ambaye zilionekana pembe zake tu. Kanga akapewa Agosti, akasimama katikati ya mahindi mabichi. Punda hakuwapo. Alikuwa amebeba maembe ya wenzake kupeleka sokoni.

Kalenda zikachapishwa, zikatundikwa kila nyumba. Punda aliikazia macho kalenda yake, kisha akauliza, "Mzee Jogoo, mahindi haya ya Agosti yametoka wapi?"

"Ni picha tu, mama."

Lakini nani hutundika kalenda kwa ajili ya picha tu? Mtu huitazama akipiga hesabu: zimebaki wiki ngapi, mbegu iingie ardhini lini, gunia lililobaki litatufikisha wapi. Vifaranga wa Kanga walikuwa hawajawahi kuiona Agosti. Walimwona mama yao ndani ya shamba la kijani, wakaamini chakula ki njiani. Julai, mama yao akiwa kwenye vibarua, wakafungua kibuyu cha ndengu za mbegu, zilizochanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Wakazipangusa moja moja, wakazila zote.

Agosti ikaja na vumbi. Oktoba majirani walipotoa mbegu zao, Kanga alibaki amesimama pembeni mwa tuta lake. Mimi niko upande wa Kanga, ingawa alijipenda katika picha ile. Aliyepanga kalenda ndiye aliyemdanganya mtoto.

Mwaka uliofuata Punda alimchukua Ngedere mwezi kwa mwezi. Machi wakapiga mawingu yaliyopita bila kushuka. Juni, mabua makavu. Septemba wakateremka hadi Mto Thwake kabla jua halijapanda. Mto haukuwa na tone juu; Punda alichimba kwa kwato hadi mchanga ukageuka rangi, ukalowa, maji yakaanza kujikusanya polepole, machafu kwanza, kisha safi. Mchanga uliozuiwa na ukuta mzuri wa mtoni huhifadhi maji mengi wakati juu kumekauka. Kamba ya mtungi ilikuwa imemchubua Punda begani. Ngedere alilenga hapo hapo, pamoja na foleni ya Mbuzi, Kanga na vifaranga.

Jogoo alifika mwisho, ana kiu, akainamisha kichwa shimoni. Kamera ikalia.

"Hiyo usiitie!" akasema. "Naonekana mkia tu."

"Septemba ndiyo hii, Mzee," Ngedere akajibu.

Jogoo akamgeukia Punda amsaidie. Punda alikuwa anafunga mtungi wa pili. "Mchana tugawane ndengu, Kanga apate za kwake," akasema. "Mwezi ujao tunapanda kabla ya mvua. Ngedere, siku hiyo alfajiri uwe shambani. Na wewe Mzee, njoo na jembe."