Keki Isiyoliwa

Mwisho wa Portal, mchezo wa Valve wa mwaka 2007, husifiwa kama bibi harusi. Mchezaji anahangaishwa chumba baada ya chumba kwa ahadi ya keki, anaibwaga kompyuta yenye ulimi wa wifi, kisha anaonyeshwa keki kwa mbali huku mkono wa chuma ukiuzima mshumaa. Hapati hata chembe. Badala yake, aliyeshindwa anamwimbia aliyeshinda, tena kwa madaha!

Wimbo wenyewe, wa Jonathan Coulton, ni mtamu. Hilo halina ubishi.

Ila mwisho huo usio na kasoro, ati, ulitiwa kiraka Machi 2010: ikaongezwa sauti ya roboti inayomburura Chell, mhusika anayechezwa, kumrudisha ndani, maana Portal 2 ilikuwa njiani. Sifa hazikupungua hata punje.