Kaa na Waandishi wa Nasaba

Mwaka 1758 Linnaeus, bwana wa Uswidi aliyejipa kazi ya kuorodhesha viumbe vyote, aliwatia kaa na kamba katika kundi la wadudu, fungu la wasio na mabawa, bega kwa bega na chawa na kiroboto. Kaa hakuulizwa. Waliomfuata wakaona haya, wakamtoa humo, wakampa kundi lenye heshima: krasteshia. Leo wataalamu wa jeni wanatwambia wadudu wenyewe wamechipuka ndani ya ukoo huohuo wa krasteshia. Kumbe inzi anayetua kwenye sinia la kamba kaja kuhani msiba wa jamaa zake, nasi tunampunga kwa kitambaa!

Heshima yenyewe nayo ina upendeleo. Yule kaa wa nazi wa kisiwani Chumbe, pande la mnyama lipandalo miti, si kaa halisi, eti. Ndugu zake ni wale wanaoishi katika makombe ya kuazima. Ila vile vigamba vinavyong'ang'ania chini ya jahazi, ambavyo mvuvi huvikwangua huku akitukana, na ambavyo mtaalamu wa wanyama Cuvier aliviweka na konokono, vimo katika krasteshia. Mwaka 1830 mchunguzi wa viumbe Thompson alichapisha aliyoyaona kwa vichanga vyao: ni krasteshia watupu. Darwin akavichunguza miaka minane. Havitambai, havikimbii, miguu ni ya kukombea chakula tu. Vyeti vyao viko sawa.

Muuza kaa wa soko la samaki la Feri huwapanga kwa ukubwa wa magando, na hajawahi kuchapisha toleo la pili.