Kirangozi Habebi Mzigo

Mume wa dada yangu, ambaye namwita Shemeki naye ananiita hivyo hivyo, anafundisha historia. Ukitaka kujua hasara ya elimu hiyo, toka naye Lusangi kwa miguu kwenda Kabambare wakati wa mvua.

Ndugu yetu mmoja wa upande wa Kabambare alikuwa anaoza binti. Malori yalikuwa hayapiti kwa ajili ya matope, na wenye pikipiki walitaja nauli ambayo ingetosha kuoza binti mwingine. Tukaamua kutembea. Zawadi zilikuwa nusu gunia la mchele, bido ya mawese, kikwembe kipya cha mama wa bibi harusi, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu lakini si mdomo.

Alfajiri Shemeki aliugawa mzigo kisomi.

"Shemeki," aliniambia, "njia hii ni ya misafara. Tippu Tip alikuwa na makao Kasongo. Pembe zilitoka huko zikapita Kabambare mpaka ziwani, zikavushwa Ujiji, zikaendelea Tabora hadi pwani. Waliokuja huku walileta vitambaa na shanga. Waliorudi mashariki walibeba pembe. Sasa sisi tunakwenda mashariki. Kihistoria, lazima ubebe."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mimi ni kirangozi."

Kirangozi, kwa asiyepata bahati ya kufundishwa na Shemeki, ni yule aliyetangulia msafara na bendera, mzigo wake mwepesi kuliko wa wote. Bendera ya Shemeki ilikuwa mwavuli wa rangi nne. Mzigo wake mwepesi ulikuwa kikwembe, kwapani, na barua ya mwaliko mfukoni. Mchele ulinikalia kichwani, bido ikawa mkononi, jogoo akaning'inia ubavuni kwa gunia. Nilipolalamika, alinieleza kwamba hata mchele wenyewe ni historia, maana Waungwana wa misafara ile ndio walioleta kilimo chake Maniema. Sijui kwa nini habari hiyo ilitakiwa kuupunguzia uzito.

Tulikutana na vijana waliokuwa wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia mpaka usukani hauonekani, fimbo ndefu imefungwa pale penye mkono wa kushoto ili waweze kuelekeza. Walitusalimia, wakaniangalia mimi, wakamwangalia Shemeki na mwavuli wake, kisha mmoja akaniuliza kwa upole kama huyo ni mgonjwa.

Jua lilipopanda, buti la mpira lilikuwa limenitoa lengelenge kisiginoni. Nikaketi. Sijapata kuona mtu akifurahia kisigino cha mwenziwe kama Shemeki siku ile.

"Unajua Livingstone alikwama Kabambare tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871? Vidonda vya miguu!"

"Harusi ni Jumamosi, Shemeki."

"Na alipokuwa Maniema alisoma Biblia nzima mara nne."

Mimi cha kusoma nilikuwa na barua ya mwaliko tu, na hiyo nayo alikuwa nayo yeye. Alipoona sijapata nguvu, aliniongezea Stanley, aliyepita Kabambare mwaka 1876 akiwa na mashua ya futi arobaini, imekatwa vipande, vipande viko mabegani mwa watu. Nikamuuliza Stanley mwenyewe alibeba kipande gani. Akasema tuendelee, jua linakwenda.

Tulipita vijiji viwili hivi watoto wakitucheka. Nilidhani wanamcheka Shemeki. Kumbe jogoo, kwa vile alivyokaa karibu na gunia, alikuwa ametoboa kona yake tangu asubuhi. Alikuwa anakula mchele wa karamu ambayo yeye mwenyewe ndiye kitoweo chake, na uliomshinda ulikuwa unamwagika njiani. Nyuma yetu walifuata kuku wa vijiji vyote viwili, kwa mstari, na bata mmoja.

"Huo sasa ndio msafara," akasema Shemeki, akainua mwavuli.

Nikaziba tundu kwa majani ya mgomba. Mbele kidogo tukakuta kamba imefungwa kukatiza njia. Vijana watatu walikuwa wamejaza shimo moja kwa matawi na udongo, na sasa wanadai ushuru wa ukarabati. Tuliwaambia sisi hatuna gari, na shimo lao tumelipita pembeni, majanini. Wakaanza kulegea, kweli walianza, mmoja alikwisha kushika fundo la kamba. Hapo mwalimu akasikia wito wa kufundisha.

"Wanangu," akasema, "msione haya. Jambo hili ni la zamani. Misafara ilipopita nchi ya chifu ililipa hongo, na hongo yenyewe haikuwa fedha. Ililipwa kwa kitambaa."

Yule mkubwa wao akaliacha fundo. Macho yake yakatoka kwenye uso wa Shemeki, yakashuka mpaka kwapani.

Mjadala ulikuwa mrefu. Kikwembe kilipona, kwa sababu hakuna mwanamume wa kwetu anayetaka kufika mikono mitupu mbele ya mama wa bibi harusi. Uliokwenda ni mwavuli.

Mvua ya Maniema haina tabia ya kunyemelea. Unaisikia mbali msituni, unapata nafasi ya kuita miungu na mababu, kisha inakuwa juu yako. Shemeki alijifunika kikwembe, akakivua alipokumbuka ni cha nani, akakiingiza ndani ya shati. Kwa saa nzima hakutaja mwaka wowote. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema.

Giza lilitukuta mbali na Kabambare. Mzee mmoja alitupokea kwa moto na ugali wa mihogo, sombe imekolea mawese. Alitazama gunia lililolowa, akatazama kisigino changu, akauliza sisi ni watu gani. Shemeki, kwa kuwa nguo zilikuwa zimeanza kukauka, akamweleza yote: Tippu Tip, ziwa, pembe, mpaka kazi yake ya ukirangozi.

"Kumbe wewe ndiye kirangozi?" akauliza mzee.

"Ndiyo, Babu."

"Vizuri. Babu yangu alibeba pembe katika njia hii hii. Alituambia wakifika kambini wapagazi walipumzika, na kirangozi ndiye aliyejua maji yako wapi." Akavuta bido tupu kutoka nyuma ya mlango. "Sisi tunachota kule bondeni. Shika mti wa kulia unaposhuka, kushoto panateleza."

Shemeki alinitazama. Nikasogeza mguu wangu karibu na moto, nikamkumbusha kwamba Livingstone hakuinuka mpaka Februari.

Alikaa sana. Alirudi na nusu bido, matope ya upande wa kushoto yamempaka mpaka sikioni, na maelezo ya nusu nyingine yalimchukua muda mrefu kuliko ya Stanley.