Kila Mpita Njia na Kiki Yake

Vitabu vya ufundi vinataja sababu nyingi za injini ya pikipiki kukamata: oili kwisha, joto kuzidi, ringi kuvunjika, kutu. Havimtaji mpita njia. Kule Butiama, chini ya mwembe wa mstaafu mmoja aliyefundisha hesabu maisha yake yote ya kazi, Honda C70 ilikaa miaka mingi imefunikwa turubai. Siku alipoifunua aanze kuitengeneza, ndipo ilipojulikana wilaya ina mafundi wengi kiasi gani. Bodaboda aliyeleta abiria alishuka, akaikanyaga kiki, haikwenda. "Hii imejamu, mzee," akasema, akapanda Boxer yake akaenda zake. Muuza dagaa akatua ndoo, naye akakanyaga. Kijana wa chuo aliyekuja likizo aliirukia kwa miguu yote miwili. Kila mmoja alipata jibu lile lile alilopata aliyemtangulia, na hakuna aliyeliamini mpaka alipolisikia kwa unyayo wake mwenyewe.

Kiki ni wenzo. Nguvu ya mguu huongezwa na urefu wa ule mkono, ikapita kwenye vijino vya gia kadhaa, ndipo ifike kwenye krenki na kuisukuma pistoni. Pistoni ikiwa imeganda, nguvu yote hiyo huishia kwenye vijino. Mstaafu alilijua hilo vizuri, maana wenzo aliufundisha ubaoni kwa chaki. Lakini mtu aliyekwisha kukupa shikamoo, ukaitikia marahaba, utamwambiaje ashushe mguu?

Pikipiki yenyewe haikuwa ya kudharauliwa. Ni ya ukoo wa Super Cub, ambao Honda iliuanza mwaka 1958 na kufikisha pikipiki milioni 100 mwaka 2017. Hakuna chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi kuuzidi. C70 ina sentimita za ujazo 72, gia tatu, na haina klachi ya mkono. Husimuliwa kwamba Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka mpeleka tambi wa Japani aweze kuiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia. Butiama hapakuwa na tambi za kupeleka, ila palikuwa na jogoo, boksi la chaki na mafungu ya madaftari ya kusahihisha, na vyote vilipanda.

Mwenye Honda ya namna hiyo mkoani Mara aliishi historia ya nchi kupitia vipuri. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka na Kenya ulifungwa, na Sirari, mlango ambao watu wa mkoa walipitia kwenda kutafuta mahitaji, ikageuka ukuta hadi mwaka 1983. Katika miaka ile ringi ya pistoni ilikuwa na hadhi sawa na kipande cha sabuni: ukiipata huulizi ilikotoka, na ukiulizwa wewe huna kumbukumbu. Pikipiki iliyovuka kipindi kile haikuwa na udhuru wa kufa kwa kukaa tu chini ya mwembe.

Na kweli ilikufa kwa kukaa tu. Mjukuu mmoja alikuwa ameifungua plagi akatengenezee gari la mabati, na tundu likabaki wazi. Umande ukaingia, mvua za masika nazo zikaongeza. Pistoni ni ya aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, lakini ringi na ukuta wa silinda ni chuma cha kusubu. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Haihitaji ghadhabu yoyote. Inavimba polepole mahali pasipo na nafasi, basi.

Habari zilipoenea kwamba mzee anataka kuifufua, wakaja madaktari. Wa kwanza aliagiza soda ya kola. Dawa hii haina uchawi: kola ina asidi ya fosforiki, ambayo ni kweli huyeyusha kutu, ila kwa mwendo wa taratibu mno, na ile sukari hubaki ndani kama gundi, na asidi haipatani hata kidogo na aluminiamu. Chupa ilinunuliwa hata hivyo. Wajukuu waliotumwa dukani walirudi nayo ikiwa imepungua, na kilichobaki kilionekana ni kidogo mno kumtibu mgonjwa, kwa hiyo kikanywewa pia. Honda ilinusurika.

Wa pili alipendekeza moto: washa mkaa chini ya silinda, chuma kitatanuka, pistoni itaachia. Mstaafu alichukua kalamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo ukivipasha vyote pamoja, pistoni ndiyo itakayozidi kujibana. Kupasha na kupoza kwa zamu husaidia kuivunja kutu, hilo ni sawa, lakini tangi la petroli la C70 liko chini ya kiti, na huyu daktari alikuwa na sigara mdomoni.

Dawa iliyoshinda ilitoka kwa binamu aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya malori: nusu oili ya gia za otomatiki, nusu asetoni. Asetoni ni nyepesi, hupenya mahali oili isipofika. Oili hubaki kulainisha asetoni ikishakauka. Oili ilipatikana Bunda, kwenye maduka ya vipuri kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari. Asetoni haikupatikana huko. Muuza duka alimwelekeza mzee mahali inapouzwa kwa uhakika, na ndivyo mwalimu mstaafu, kofia kichwani na miwani puani, alivyojikuta katika duka la vipodozi akichagua dawa ya kutoa rangi ya kucha. Alisoma lebo moja moja, kwa sababu siku hizi nyingi zimetengenezwa bila asetoni. Binti wa duka alimvumilia, kisha akauliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo babu. Ni za bibi?"

"Ni za pistoni."

Binti alizifunga kwenye karatasi bila kuuliza la pili.

Hapa likazuka tatizo la jiometri. Silinda ya C70 haisimami wima kama ya Boxer; imelala, inatazama mbele. Ukimimina dawa kwenye tundu la plagi inalowesha upande wa chini tu, huku sehemu ya juu ya ringi inaendelea na kutu yake kwa amani. Suluhisho ni moja: petroli itolewe, betri itolewe, kisha pikipiki isimamishwe kwa gurudumu la nyuma, mbele ikitazama mbinguni. Ikaegemezwa kwenye mwembe na kufungwa kamba ya katani. Asetoni na oili havipatani, huachana vikitulia, kwa hiyo ilibidi chupa itikiswe kila inapomiminwa, na mzee alionekana asubuhi na jioni akitikisa chupa mbele ya pikipiki iliyosimama dede.

Butiama ni mahali pa wageni. Kaburi la Mwalimu Nyerere liko Mwitongo, makumbusho yako papo hapo, na ikifika Oktoba 14 magari huja kutoka kila upande. Siku hiyo mgeni mmoja aliipiga picha ile Honda kutoka pembe tatu, akauliza kama ni sehemu ya maonyesho. Mwenzake aliyekuwa na haraka ya kusaidia alikuwa ameshainama kutafuta kiki. Kwa bahati njema, pikipiki ikiwa wima kiki hutokeza mahali pabaya, na mguu wa binadamu wa kawaida hauifikii. Ilikuwa kinga bora kuliko turubai na bora kuliko mbwa.

Dawa ilipenya, ila pistoni haikusogea. Basi injini ikashushwa. Katika Super Cub kazi hiyo si ya kutisha: injini imeshikwa kwenye fremu kwa bolti mbili ndefu, na ukishachomoa nyaya, cheni, kabureta na bomba la moshi, mtu mmoja anaibeba. Ilitiwa kwenye kiroba cha mbolea na kupakiwa Hiace, ikabadilisha gari Makutano. Konda aliunyanyua mzigo, akaurudisha chini, akautazama upya.

"Mzee, humu kuna nini?"

"Injini."

"Gari zima liko wapi?"

Fundi wa Bunda alikuwa kijana aliyezaliwa baada ya pikipiki hiyo kustaafu. Kitu cha kwanza alichofanya, na hapa ndipo mstaafu alipoanza kumheshimu, ni kuung'oa mkono wa kiki na kuutupia chini ya meza. "Nikiuacha," alisema, "watanimalizia." Kisha akalegeza tapeti ili valvu zote mbili zifunge. Akachukua plagi mbovu, akavunja kauri yake ikabaki ganda lenye nati, akalichomelea kidude cha kupitishia grisi kilichotoka kwenye lori. Akalifunga mahali pa plagi, akachomeka pampu ya grisi, akaanza kusukuma.

Ubora wa njia hii ni kwamba nyundo hupiga sehemu moja na kuitoboa pistoni, lakini grisi haikandamiziki na husukuma uso mzima sawasawa. Silinda ya C70 ina kipenyo cha milimita 47. Mstaafu, ambaye asingeweza kusimama karibu na duara bila kulitafutia eneo, alilipata: sentimita za mraba 17 na kidogo. Pampu ya mkono ikifikisha kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni inasukumwa na tani 1.7. "Hiyo ni ng'ombe wangapi?" akauliza jirani aliyekuwa ameketi juu ya tairi, na kabla hesabu haijakamilika kikasikika kishindo kifupi, tak, mkono wa pampu ukalegea, na flaiwili ikazunguka kidogo. Watu wa gereji walishangilia. Grisi iliyotakiwa kuondolewa baadaye ilikuwa nyingi kuliko watu walioshangilia, kwa hiyo walitawanyika.

Silinda ilipovuliwa ilionyesha ukuta wenye vidonda vya kutu, na ringi mbili zilizovunjika. Hapo ni lazima ichongwe ipanuliwe, na pistoni iwe ya saizi iliyozidi. Fundi alitania kwamba wayeyushe sufuria wajichongee pistoni yao. Utani huo una historia: Burt Munro wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1899, alikuwa akijisubia pistoni mwenyewe nyumbani kwa ajili ya pikipiki yake Indian ya mwaka 1920, na mwaka 1967 aliiendesha kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, kwa zaidi ya kilomita 290 kwa saa. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Munro aliunguza pistoni nyingi. Mwalimu hakuhitaji hata moja, akafika.

Pistoni ilipatikana kwa sababu ya Pakistani. Huko Honda CD70 iliendelea kutengenezwa miaka nenda rudi, na injini yake ina vipimo vilevile, 47 kwa 41.4. Iliyozidi nusu milimita iliingia nchini kupitia Sirari, safari hii kwa risiti, jambo ambalo mstaafu alilisimulia kama ajabu. Mchonga vyuma wa Musoma alikataa kuigusa silinda mpaka ashike pistoni mkononi. Yuko sahihi kabisa: huchongi kwa kuamini namba iliyoandikwa kwenye boksi, unachonga kwa kupima pistoni yenyewe. Aliifanya kazi kwa utulivu wa kuudhi, akipima, akipuliza, akipima tena, hata mzee akaenda Mwigobero, kando ya ziwa, akala sato, akarudi akamkuta bado anapima.

Injini ilirudi Butiama ikafungwa. Petroli mpya, plagi mpya, oili mpya. Mstaafu mwenyewe alipewa heshima ya kupiga kiki, akiwa na haki nayo kuliko wote. Ilishuka laini mpaka chini bila kuzungusha chochote. Akapiga tena. Vijino ndani vilikuwa vimelika, kazi ya muuza dagaa, bodaboda, mwanachuo na umma wote wa wilaya, na kiki ilikuwa inazunguka peke yake.

Ikasukumwa, ikatiwa gia ya pili, ikawaka. Mpaka vijino vipya vitakapopatikana, mstaafu anapanga safari zake kwa mteremko. Kutoka nyumbani hana shida, Butiama ina kilima. Akifika mjini Musoma huegesha juu, kamwe si chini karibu na ziwa, na akilazimika kushuka Mwigobero huwa na fedha mkononi kwa ajili ya wapagazi wa samaki, ambao wamekwisha kuweka bei ya kumsukuma. Hupandisha bei akiwakataza kujaribu kiki kwanza.